Risasi za bunduki ndogo kwa waharibifu wa shamba: zipi ununue, zipi uziache dukani

Korosho zikianza kuiva, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Masasi na Nachingwea, wenye bunduki ndogo wanaulizana swali moja: risasi ipi ina kasi zaidi? Kwa maoni yangu kasi ni jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu wako, la pili ni mnyama na umbali utakaompigia, na la tatu, ambalo wengi huliruka, ni kilichopo nyuma ya mnyama huyo.

Tumalize habari ya sheria kwanza. Silaha na risasi ziko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mnyama wa porini, hata tumbili anayekumalizia mabibo, yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Afisa wanyamapori wa wilaya ajulishwe na kibali kiwepo kabla hujatia risasi chemba. Ukiwa jirani na mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule au Msanjesi, usitegemee kabisa neno la "hapa kila mtu anapiga". Na mbega haguswi, hata akikaa juu ya mkorosho wako.

Haya, mtutu. Geuza bunduki, hakikisha haina kitu, kisha soma maandishi karibu na chemba. ".22" peke yake haitoshi, kwa sababu kuna .22 LR (Long Rifle) na kuna .22 Magnum, nayo huandikwa pia .22 WMR. Hizi ni risasi mbili tofauti. Ganda la LR lina unene wa milimita 5.7 hivi, la Magnum linazidi milimita 6. Magnum haiingii kwenye chemba ya LR, hivyo huko hakuna hatari kubwa. Hatari iko upande wa pili: LR inaingia kwenye chemba ya Magnum, inalegea humo, na ukifyatua ganda linavimba au kupasuka, gesi inarudi usoni kwa mpigaji. Muuza duka akikwambia "zote ni .22, chukua tu", ondoka. Ikiwa mtutu umeandikwa .17 HMR, .22 Hornet au .223 Remington, basi ni hiyo hiyo na si nyingine.

Jambo dogo linalochanganya watu: maandishi "gr" kwenye boksi si gramu. Ni greni, kipimo cha zamani cha uzito wa kichwa cha risasi. Greni 40 ni gramu 2.6 tu, na greni 55 ni gramu 3.6.

Sasa .22 LR, maana ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Kuna ya kasi ya kawaida, inayotoka mtutuni kwa mita 325 hivi kwa sekunde, na kuna ya kasi kubwa, mita 380 hivi. Kwenye joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Ina maana ile ya kasi kubwa inatoka ikiwa mbele ya sauti, halafu inarudi chini yake kabla haijafika mita 50. Pale inapovuka ndipo hewa inapoizuia kuliko mahali pengine popote, na kichwa kinaanza kuyumba kidogo. Ile ya kawaida inaanza chini ya sauti na kubaki huko huko, kwa hiyo haipiti kwenye misukosuko hiyo.

Matokeo yake huwashangaza watu: upepo husukuma zaidi ile ya kasi kubwa. Kwenye upepo wa pembeni wa mita 4.5 kwa sekunde, ambao kwa Lindi mjini wakati wa kusi ni upepo wa kawaida kabisa, risasi ya kasi ya kawaida huhama karibu sentimita 10 kwa umbali wa mita 90. Ya kasi kubwa huhama karibu sentimita 14. Upepo unahesabu muda ambao risasi imeupoteza kwa kuzuiwa na hewa. Kule kuwahi kufika hakusaidii kitu. Kichwa cha ndezi ni sentimita chache tu, kwa hiyo tofauti hiyo ya sentimita 4 ndiyo tofauti ya kupata na kujeruhi. Kwa umbali wa zaidi ya mita 50, kwenye shamba lililo wazi la ufuta au mbaazi, mimi upande wangu ni kasi ya kawaida bila kusita.

Kasi kubwa ina mahali pake. Bunduki inayojipakia yenyewe mara nyingi inaihitaji, kwa sababu risasi dhaifu haina nguvu ya kurudisha komeo, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, mpaka mwisho. Ganda linabanwa mlangoni, na mpigaji anaanza kuilaumu bunduki. Ukiwa na bunduki ya komeo la mkono, hilo halikuhusu. Kasi kubwa pia hushuka polepole kidogo kuliko ya kawaida ukiangalia mstari wake: ukirekebisha darubini ipige katikati kwa mita 50, kwa mita 75 tarajia kushuka sentimita 6 hivi, na kwa mita 100 kati ya 15 na 20. Ya kawaida hushuka zaidi kidogo. Kwa hiyo anayepiga mita 100 kwa .22 LR kwa kukisia umbali anabahatisha, na mnyama ndiye anayelipa.

Kuhusu umbo la kichwa: kichwa kigumu, kisicho na tundu, hupenya moja kwa moja, na kichwa chenye tundu kwenye ncha hufunguka kikigonga. Kwa mharibifu ambaye hatakuwa kitoweo, chenye tundu ndicho cha kuchukua, kwa kuwa huua upesi na hakitoki upande wa pili na nguvu nyingi. Kwa ndezi anayekwenda jikoni, kichwa kigumu, tena kilengwe kichwani, kwa sababu kile kinachofunguka humwaga vipande vidogo vya madini ya risasi ndani ya nyama, na madini yale ni sumu, hasa kwa watoto. (Samaki nchanga, yaani panya wa shambani, waachie mitego. Hakuna hesabu yoyote inayokubali risasi moja kwa panya mmoja wa shambani.)

Magnum ya greni 40 inatoka kwa mita 570 hivi kwa sekunde ikiwa na nguvu zaidi ya mara mbili ya LR. Ndiyo naiona bunduki ya kutosha kwa tumbili na nungunungu mpaka mita 100. .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002, hupiga kichwa chepesi cha greni 17 kwa karibu mita 780 kwa sekunde. Mstari wake umenyooka vizuri, lakini kichwa hicho ni gramu 1.1 tu na kinasambaratika kikigusa hata kijiti. Ndani ya mkorosho wenye matawi mpaka chini, sioni kazi yake. Hornet ni risasi nzuri ya zamani, tatizo lake hapa ni kuipata.

Nyani dume mzima na nguruwe pori waondoe kwenye orodha ya .22 LR, Magnum, .17 HMR na Hornet. Nyani aliyejeruhiwa kwa .22 LR hurudi kwa hasira au huenda kufia mbali baada ya siku nyingi, na vyote viwili ni aibu kwa mwenye bunduki. .223 inaweza kumtosha nyani. Nguruwe pori tafuta bunduki kubwa, au mwite afisa wanyamapori.

Kwa .223 suala la kwanza ni msokoto wa mifereji ndani ya mtutu. Kama hujui wa kwako, upime: ondoa komeo, funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia yenye mpini unaozunguka, isukume ndani kidogo, weka alama juu ya fimbo kwa kalamu, na alama nyingine pale fimbo inapoingilia mtutuni. Endelea kusukuma taratibu mpaka alama ya juu izunguke mzunguko mmoja kamili. Urefu ulioingia ndio msokoto. Ukipata sentimita 30 hivi, yaani inchi 12, baki na vichwa vya greni 40 hadi 55. Ukiweka greni 69 humo, kichwa hakizunguki vya kutosha, kinaruka ubavu, na kwenye karatasi utaona matundu marefu kama ya ufunguo badala ya duara. Msokoto wa sentimita 23, inchi 9, hubeba 55 mpaka karibu 70. Wa sentimita 18, inchi 7, umetengenezwa kwa vichwa vizito, na vichwa vyepesi sana vyenye koti jembamba la shaba vinaweza kupasukia hewani kwa kuzungushwa kupita kiasi. Kingine: risasi za kijeshi za 5.56 zinafanana na .223 kwa macho, lakini hazitiwi kwenye chemba iliyoandikwa .223 tu, kwa kuwa shinikizo linaweza kupanda kupita kiwango cha bunduki.

Tukubaliane pia juu ya mikorosho. Tumbili yuko juu ya tawi, wewe uko chini, mtutu umeelekea angani. Risasi ndogo ya .22 LR iliyopigwa kwa mwinuko inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu; .223 huenda mbali kuliko hapo. Na mashamba yetu hayako mbali na watu: nyuma ya mistari ya mikorosho kuna nyumba, kuna akina mama wanaookota korosho, kuna njia ya shule. Subiri ashuke chini, au apite kwenye shina nene lenye udongo nyuma yake. Asiposhuka, hakuna risasi iliyo sahihi kwa kazi hiyo. Ardhi yenyewe pia iangalie: udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde humeza risasi vizuri, lakini mawe, udongo uliokauka ukawa kama saruji, na maji ya mbuga za mpunga hurusha risasi pembeni. Kichwa kigumu cha .22 LR ndicho kinachoruka vibaya zaidi kwa sababu ni cha polepole na hakivunjiki. Hapo kichwa chenye tundu, au .223 ya kichwa chepesi kinachosambaratika, hupunguza hatari ingawa hakiiondoi.

Ukishajua aina, usinunue kwa wingi. Nunua boksi moja moja la aina tatu; .22 LR huja 50 kwenye boksi, .223 kwa kawaida 20. Mitutu miwili ya kampuni moja inaweza kupenda risasi tofauti kabisa, na hili huwezi kulijua kwa kusoma. Weka mfuko wa mchanga mezani, karatasi mita 50, asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Kila unapobadilisha aina ya .22, piga kama kumi bila kuhesabu, maana nta na mafuta ya aina iliyotangulia bado yamo mtutuni na yanaharibu majibu. Kisha piga makundi mawili au matatu ya risasi tano. Pima kutoka katikati ya tundu la mbali mpaka katikati ya lililo mbali nalo. Angalia kundi baya kuliko yote, usiangalie zuri. Likiwa sentimita 3, kwa ndezi mwisho wako ni mita 50, hata kama fundi wa mitandaoni anapiga 120. Aina iliyoshinda ukirudi kuinunua, omba boksi zenye namba ile ile ya toleo iliyopigwa muhuri pembeni, kadiri kibali chako kinavyoruhusu.

Utunzaji kwa mtu wa Mikindani, Msimbati au Kilwa ni kazi zaidi kuliko kwa mtu wa Liwale. Hewa ya chumvi hutoa ukoko wa kijani kwenye shaba na unga mweupe kwenye kichwa. Weka risasi kwenye kopo lenye mpira mdomoni pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ndani ya kabati linalofungwa. Usizipake mafuta: kwenye .22 mafuta hupenya kati ya kichwa na ganda, yakaua baruti. Wala usiziache kwenye dashibodi ya gari juani.

Ukifyatua na isilie, weka mtutu uelekee salama na uhesabu sekunde 30 ndipo ufungue, kwa sababu inaweza kuchelewa kulia. Baruti ya kuwashia ya .22 hutandazwa kwenye ukingo wa ganda, na mara nyingine kunakuwa na sehemu tupu pale nyundo ilipogonga. Ikilia kwa sauti ndogo isiyo ya kawaida, simama hapo hapo. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu. Ondoa komeo, angalia kupitia upande wa chemba kama unaona mwanga, na kama huoni mpelekee fundi mwenye leseni. Anayepiga ya pili juu yake anavimbisha mtutu, na mtutu uliovimba haunyooshwi. Ni kununua mwingine.