Shafti Iliyokatika Kibaigwa

Msimu wa alizeti ukikolea Kibaigwa, mashine za kukamua hazipumziki. Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikaitwa na mama mmoja mwenye mashine yake. Shafti ya skrubu ya kukamulia ilikuwa imekatika kwa mara ya pili, na magunia ya watu yamejaa uani.

"Aliyeichonga aliipima sawasawa na ya mota, milimita 42," akaniambia. "Ya mota haijawahi kukatika. Sasa hii, mwanangu, inakatikaje?"

Lilikuwa swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Nikafuta vumbi kwenye kibati cha mota: kilowati 15, mizunguko 1,450 kwa dakika. Baada ya mikanda na giaboksi, skrubu ilizunguka mara 60 tu.

Nikaomba chaki, nikaandika kwenye mlango wa bati. Zidisha kilowati kwa 9,550, gawanya kwa mizunguko ya dakika moja, unapata nguvu ya kusokota kwa nyutoni-mita. Kwenye mota ilitoka kama 99. Kwenye skrubu karibu 2,390, ukiacha kidogo kinachopotea kwenye gia. Kilowati ni zilezile. Kasi imeshuka zaidi ya mara 24, na msokoto umepanda vivyo hivyo.

"Kumbe inayokwenda polepole ndiyo inayoumia?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Kile kipande nilikigeuza juani. Ufa ulianzia kwenye kona ya mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachoishika gia kwenye shafti isiteleze. Sehemu kubwa ilikuwa laini, imesuguana muda mrefu. Pembeni tu palibaki chengachenga, pale ilipoachia ghafla. Umeme ulikuwa ukikatika skrubu ikiwa imejaa mashudu, yanashikamana humo ndani, na mota ikiwashwa tena husokota kupita kiwango chake cha kawaida. Kila mwasho uliongeza ufa.

Kwa milimita 42, chuma kilibeba mkazo wa megapaskali 164, yaani nyutoni 164 kwa kila milimita ya mraba, hata kabla ya hizo purukushani. Kwa 60 ungeshuka hadi 56, kwa sababu kipenyo huingia kwenye hesabu kikiwa kimezidishwa chenyewe mara tatu. Ndiyo maana napenda hesabu hii: milimita chache zinaokoa msimu mzima.

Mama akaagiza shafti ya 60 na beringi zake. Kisha akamwita kijana wa mashine, akamwamuru: umeme ukikatika, asiwashe mpaka mashudu yote yatolewe.