Siku moja na mihimili ya chati 12

Saa 2:00 asubuhi. Ripoti ya mwezi ina chati 12 kwenye laha moja, na Excel imeipimia kila chati mhimili wake. Moja inaishia 80, jirani yake 1,200. Anayelinganisha urefu wa nguzo anadanganyika. Nalihifadhi faili upya kama .xlsm, maana .xlsx haibebi makro, yaani msimbo wa VBA unaoifanyia Excel kazi; kwa makro nitazipa chati zote kipimo kimoja. Natoa na nakala pembeni: makro ikishapita, Ctrl+Z hairudishi kitu.

Saa 3:00. Alt+F11 inafungua kihariri cha msimbo, kisha Insert, Module. Kazi yenyewe ni mistari michache, inayopita chati moja moja na kuupa mhimili wa wima mwanzo, kikomo na hatua zilezile:

For Each co In ActiveSheet.ChartObjects
  With co.Chart.Axes(xlValue)
    .MinimumScale = 0
    .MaximumScale = Range("B2").Value
    .MajorUnit = Range("B3").Value
    .TickLabels.NumberFormat = "#,##0"
  End With
Next co

Seli B2 inatafuta namba kubwa kuliko zote na kuipandisha hadi 500 inayofuata kwa CEILING. B3 ni B2 kugawanya kwa 5. Ukiandika 1000 ndani ya msimbo, mwezi ambao namba itafika 1,150 nguzo itakatwa kichwa, na hakuna onyo litakalotokea.

Saa 4:30. Makro imekwama kwenye chati ya saba. Napiga F8, makro iende mstari kwa mstari: kumbe ni chati ya duara, haina mhimili wowote. Naifungia With ndani ya If co.Chart.HasAxis(xlValue) Then, ili chati isiyo na mhimili irukwe.

Saa 6:00 mchana. Mhimili wa mlalo, ndipo penye usumbufu. Miezi ikiwa maandishi matupu, Axes(xlCategory).MinimumScale inagoma, kwa kuwa "Januari" si namba. Seli zikiwa na tarehe halisi, natanguliza .CategoryType = xlTimeScale (mhimili uhesabiwe kwa tarehe), kisha .MinimumScale = CDbl(DateSerial(2024, 1, 1)). Kwa Excel tarehe hiyo ni 45292, hesabu ya siku tu.

Saa 8:00. Chati mbili zina mstari wa asilimia kwenye mhimili wa pili, ambao makro yangu haikuugusa. Unaitwa kwa jina lake: Axes(xlValue, xlSecondary), muundo "0%", kikomo 1. Ukiweka 100 mstari wote unalala sakafuni, kwani 85% imehifadhiwa kama 0.85.

Saa 10:00 jioni. Chati moja inatakiwa ijipimie yenyewe. Kuipa kikomo kulizima upimaji huo, kwa hiyo nauwasha tena: .MaximumScaleIsAuto = True.