Ratiba ya Mama

Mama alipostaafu ualimu, sisi watoto tulichanga fedha tukamwambia achague popote ndani ya nchi apelekwe akapumzike. Dada alikuwa ameshaanza kuulizia hoteli za Zanzibar. Mama akasema bahari ameiona Mtwara na Mikindani, na maji ya chumvi ni yale yale. Akaomba tumpe muda. Siku moja simu yangu ikalia mfululizo: picha za kurasa za daftari, mwandiko ule ule wa ubaoni, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula. "Mahali nilipopafundisha bila kupaona."

Alikuwa amefundisha historia na jiografia katika shule za msingi za Masasi maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kuvuka Dodoma kwenda kaskazini. Orodha yake ilikuwa na Ziwa Natron, Ol Doinyo Lengai, Ngorongoro, Oldupai, Ziwa Eyasi, Mbulu na michoro ya mwambani ya Kolo. Serengeti haikuwemo. Kando ya kila jina aliandika swali. Natron: "Magadi yanatoka wapi?" Eyasi: "Ni kweli lugha zenye asili nne tofauti zinakutana hapa?" Oldupai aliandika maneno mawili tu: "Nani hasa?"

Ilikuwa Septemba 2020. Wageni walikuwa wamekatika kwa sababu ya korona, na Arusha magari ya utalii yalikuwa yamepangwa kwenye yadi yakila vumbi. Mwaka mwingine wowote familia yetu isingeweza kukodi gari la namna ile pamoja na dereva wake. Kijana wa ofisi tuliyokwenda alitupokea kwa shikamoo ndefu, akamketisha Mama, akafungua kompyuta na kuanza kutuonyesha safari alizonazo: simba, nyumbu wakivuka mto, puto alfajiri.

Mama akamsogezea daftari. Kijana akalisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Mama yangu, hii njia sisi hatuna."

"Barabara ipo?"

"Barabara ipo."

"Basi njia ipo."

Akajaribu kumshawishi kwamba safari za tayari zina unafuu, zimeshajaribiwa, kila mtu huzifurahia. Mama akamwambia za tayari ni mtumba, mwanangu, pengine utakutosha na pengine utakubana kwapani. Yeye anataka ya kushonesha. Kijana akacheka, akachukua kikokotoo.

Dereva tuliyepewa alikuwa Mwiraqw wa Karatu, mtu mzima mpole aliyemwita Mama "Mwalimu" tangu asubuhi ya kwanza. Nadhani hakuna aliyefaidi safari ile kuliko yeye. Alituambia kwa miaka mingi amekuwa akizipita njiapanda zile akiwa na wageni wanaoharakia geti kabla halijafungwa.

Kutoka Mto wa Mbu tuliacha lami tukashika kaskazini chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Engaruka tulisimama kuangalia kuta za mawe na mifereji ya watu waliolima kwa umwagiliaji karne kadhaa zilizopita, kisha wakaondoka. Baada ya hapo ni vumbi tu, na Lengai ikikua kwenye kioo cha mbele kila kona.

Lile swali la magadi lilijibiwa jioni tukiwa tumekaa kwenye mawe tukiutazama mlima. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza alieleza kwamba lava ya Lengai haifanani na ya mlima mwingine wowote unaolipuka leo duniani: ni ya magadi, joto lake ni kama nusu ya lava ya kawaida, inatoka nyeusi na ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Mvua na chemchemi huyabeba magadi ya miamba hii ya volkano hadi ziwani, na ziwa halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua, magadi hubaki. Mama alikuwa akiandika. Akamuuliza kuhusu heroe, akaambiwa kwamba sehemu kubwa ya heroe wadogo wa dunia nzima huanguliwa palepale, kwa sababu matope yale makali huwazuia wanyama wanaokula mayai. Hilo nalo likaingia daftarini.

Kesho yake ndipo tulipokwenda kwenye nyayo za Engare Sero. Sikuwa nimewahi kuzisikia. Mama naye hakuwa na habari nazo, aliziongeza dereva. Zipo kusini mwa ziwa, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda kama saruji, nyayo za binadamu zaidi ya mia nne, zenye umri wa miaka elfu kadhaa, pengine zaidi ya elfu kumi. Ziko wazi juani. Unaona kisigino, unaona vidole, unaona pale mtu alipoteleza. Yule kijana akatuonyesha kundi moja la watu waliokwenda pamoja upande mmoja, akasema wataalamu wamepima ukubwa wa nyayo zao na mwendo wao, wakakadiria kwamba ni watu kumi na saba, na kumi na wanne kati yao walikuwa wanawake.

"Walikuwa wanakwenda wapi?" Mama akauliza.

"Wanasema huenda kutafuta chakula."

"Sasa hilo lilihitaji kupimwa?"

Akavua viatu, akaweka mguu wake kando ya unyayo mmoja, bila kuukanyaga, akalinganisha. Ulimzidi kidogo. Alikaa pale mpaka jua likawa halivumiliki, na dereva hakumharakisha.

Ngorongoro sina mengi ya kusema, na nasikia vibaya kidogo kuandika hivyo. Baridi ya ukingoni ilimshinda mtu wa Masasi. Alivaa koti langu juu ya sweta, na kanga mbili juu ya koti. Tulisimama pale wanaposimama watu wote, kreta ikiwa imejaa mwanga mita mia sita chini yetu. Dereva alikuwa na hakika kwamba tutateremka. Mama akakataa. Alisema kutoka juu anaiona kreta yote, chini ataona kipande chake tu, tena yeye alifundisha kreta, hakufundisha simba. Dereva alinyamaza mpaka tukaanza kuteremka upande wa Oldupai.

Njiapanda ya Oldupai kuna mafuvu mawili makubwa yaliyojengwa juu ya msingi wa mawe, la Zinjanthropus na la Homo habilis, viumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Mama akataka apigwe picha kati yake, na hiyo ndiyo picha pekee ya safari nzima aliyoomba mwenyewe.

Kwenye kibanda kinachotazama korongo, mwongozaji alitoa maelezo yake kwa wageni wachache tuliokuwepo. Aliyatoa vizuri: tabaka za udongo, ziwa la kale, zana za mawe, na lile fuvu la Zinjanthropus la miaka milioni 1.75 lililopatikana tarehe 17 Julai 1959. "Lilivumbuliwa na Dokta Leakey," akasema. Mama akanyoosha mkono. Alinyoosha kweli, kama yuko darasani, na kusubiri aitwe.

"Leakey yupi?"

Mwongozaji akatabasamu. Baadaye alituambia swali hilo huulizwa mara chache sana. "Mary, Mama. Mary Leakey."

"Na mumewe siku hiyo alikuwa wapi?"

"Kambini. Alikuwa anaumwa homa. Mary alitoka na mbwa wake, akaona meno yanachungulia ardhini, akarudi na gari mbio kumwita."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Vitabu nilivyofundishia viliandika Dokta Leakey, basi. Watoto walichora mwanaume mwenye kofia. Nami niliwapa alama zote."

Hakuishia hapo. Ndani ya makumbusho alisimama mbele ya nakala ya fuvu (lenyewe limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam), akahamia kwenye nakala ya nyayo za Laetoli, za miaka zaidi ya milioni tatu na nusu, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kundi lililoongozwa na nani? Mary Leakey. Nyayo zenyewe zimefukiwa tena ili zisiharibike. Mama akasema afadhali alivua viatu kule Natron. Tulikaa korongoni mpaka wafanyakazi wakaanza kufunga madirisha. Safari ya kawaida ya wageni hupita pale nusu saa, wanajisaidia, wanakunywa soda, wanawahi Serengeti. Sisemi ni vibaya. Lakini siku ile nilielewa fedha yetu inanunua nini.

Eyasi tulikaa Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu. Maji ya chemchemi yanatiririka kwenye mifereji, na vitunguu vimerundikwa kila mahali vikisubiri malori, mengi ya kwenda Kenya. Gari la kampeni lilikuwa linapita na spika mbili, likiahidi barabara. Mama alinunua gunia la vitunguu siku ya kwanza, tukalifunga juu ya gari, na tangu hapo hadi mwisho wa safari tulinuka kitunguu.

Swali lake la asili nne za lugha lilijibiwa sokoni kabla hatujafika kwa mtu yeyote. Kulikuwa na Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi na ina undugu na Kisomali. Kulikuwa na Wadatoga wenye shuka na bangili, lugha yao ya Kinailoti, pamoja na Wamasai. Waisanzu, Wabantu kama sisi Wamakua. Na Wahadza, ambao lugha yao yenye sauti za vidoko vya ulimi haijathibitishwa kuwa na undugu na nyingine yoyote. Wote wakipatana bei kwa Kiswahili. Mama alisimama kwenye kivuli cha kibanda cha kuchaji simu akiwasikiliza, na mwenye kibanda akamuuliza mara mbili kama amepotea.

Wageni wanaokwenda kwa Wahadza huamshwa alfajiri kuwafuata wanaume wenye pinde. Mama akasema yeye na kukimbia porini wapi na wapi. Akaomba kwenda na wanawake kuchimba mizizi. Walikaa chini, wakachimba kwa fimbo zilizochongwa ncha, wakaichoma mizizi kidogo motoni, wakatafuna na kutema nyuzi. Mama akatafuna na kutema. Mmoja wao alikuwa na umri wake, au hivyo walivyokadiriana, na nusu ya mazungumzo yao ilikuwa magoti. Alasiri tulipita kwa mhunzi wa Kidatoga aliyekuwa akifua misumari kuwa ncha za mishale; Wahadza huzichukua kwa kumpa asali.

Kutoka Karatu tulipanda njia ya Mbulu, baridi, mashamba ya vitunguu swaumu, nyumba nzuri za matofali, halafu tukateremka Dareda, Mlima Hanang ukiwa mbele yetu. Dereva alizungumza njia nzima juu ya bibi yake. Babati tulilala tu.

Kolo ni kando ya lami, kwenye barabara ya kwenda Kondoa na Dodoma. Unajiandikisha ofisini, unapewa mwongozaji, unakwenda na gari mpaka chini ya mlima, halafu unapanda kwa miguu. Nilikuwa na wasiwasi na magoti yake. Mama akautazama mlima ule wa mawe makubwa akasema kwao Masasi mawe kama haya wanayapanda mbuzi na watoto, na yeye alikuwa mtoto. Alipanda kwa kupumzika kila mara, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwa dereva, ambaye hakutakiwa kuja lakini alikuja.

Ukifika, macho yanahitaji muda. Kwanza unaona doa jekundu kwenye mwamba. Kisha doa linakuwa twiga. Kisha watu: warefu, wembamba kupita kiasi, nywele zimetuna, wengine wameshikana. Tembo. Kisha huwezi tena kuuona mwamba mtupu. Mwongozaji alikuwa Mrangi wa palepale, mzee kidogo, na alieleza kwamba watu wa eneo hilo bado huja kuomba na kutambika huko juu, hivyo kuna mahali pa kuingia na mahali pa kuacha. Michoro hii iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

"Na nani aliichora upya, akaiweka kwenye karatasi?" Mama akauliza. Nilijua jibu analolitarajia, na nadhani dereva pia alilijua.

"Alikuja Mzungu mmoja mwanamke, 1951," mwongozaji akasema. "Mary Leakey."

Mama alipiga makofi. Miaka minane kabla ya lile fuvu! Akakaa kwenye jiwe akaanza kumhesabia mwongozaji: 1951 Kolo, 1959 Oldupai, 1978 Laetoli. Mwongozaji naye akaongeza ya kwake, jinsi wazee walivyosimulia kuhusu watu waliopanda na karatasi angavu za kunakilia, na tukakaa huko juu muda mrefu kuliko watu wanavyokaa.

Ofisini kuna kitabu cha wageni, kila mtu mstari mmoja: tarehe, jina, atokako, maoni. Mistari ya juu ilisema "Pazuri" na "Tumefurahi". Mama akatoa kalamu yake mwenyewe. Aliandika mstari wake, akaingia wa pili, wa tatu, akageuza kitabu ili aandike pembeni: shule za jirani ziletwe darasa zima, mwaka 1951 utajwe mwanzo na siyo mwisho, na nakala ya barua hii ipelekwe Masasi, akataja shule.

"Mwalimu," mwongozaji akasema kwa adabu, "hiyo ni nafasi ya wageni wengine."

"Wageni wamekatika," Mama akajibu bila kuinua kichwa. "Nipe na ukurasa wa pili."