Lenzi za Kale kwenye Kamera Zisizo na Kioo

Wapenzi wa picha tunapokutana hapa Mombasa, iwe ni kwenye bustani ya Mama Ngina asubuhi au kwenye baraza za Mji wa Kale baada ya alasiri, mazungumzo huanza na kamera mpya na kuishia kwenye lenzi kuukuu. Sioni ajabu. Lenzi mpya ya kamera isiyo na kioo (mirrorless) yaweza kushinda bei ya kamera yenyewe, ilhali katika makabati ya mji huu zimelala lenzi za wazee waliokuwa na studio enzi za filamu, ambazo warithi wao hawajui wazifanyie nini. Wengi huzisifu kamera hizi kwa wepesi wake na ukimya wa shata yake; mimi nazisifu zaidi kwa kuzifufua lenzi hizo.

Siri iko kwenye milimita chache. Kamera ya kioo huhitaji nafasi ya kioo kuinuka na kushuka baina ya lenzi na kihisi, yaani bamba linalopokea picha mahali pa filamu, kwa hiyo mdomo wake, pale lenzi inaposhika, hauna budi kuwa mbali na kihisi: milimita 46.5 kwa mdomo wa aina ya Nikon F na milimita 44 kwa ule wa Canon EF. Kioo kilipoondolewa, umbali huo ukapunguzwa hadi milimita 20 kwa Canon RF, 18 kwa Sony E na 16 tu kwa Nikon Z. Pengo linalobaki huzibwa na adapta, ambayo kwa lenzi za kuzungusha kwa mkono ni pete tupu ya chuma, haina lenzi wala umeme ndani yake. Lenzi ya Nikon F ikitaka kukaa kwenye Sony, hudai pete yenye kina cha milimita 28.5, basi.

Waliofaidika zaidi ni wenye lenzi za zamani za Canon, za aina ya FD. Kampuni hiyo ilipoleta kamera za EOS mwaka 1987 ilibadilisha mdomo wa lenzi kabisa, na kwa kuwa FD hukaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, yaani milimita mbili pungufu ya EF, haikuwezekana kuzifunga kwenye kamera mpya na bado zikaona vitu vya mbali, isipokuwa kwa adapta yenye lenzi ndogo ya ziada ambayo huzorotesha picha. Zikabaki mayatima kwa zaidi ya miaka ishirini. Panasonic ilipotoa Lumix G1, kamera isiyo na kioo yenye kihisi kidogo, mwaka 2008 mlango ukafunguka kidogo, na Sony A7 ya mwaka 2013, yenye kihisi cha ukubwa wa filamu, ikaufungua wazi. Ukubwa huo si jambo dogo katika mji wetu: lenzi ya milimita 50 (hapa milimita hueleza upana wa inachokiona, si pengo lile; zikizidi, huona eneo jembamba zaidi) kwenye kihisi kidogo cha APS-C huona kama ya 75, na kwenye kile kidogo zaidi cha Micro Four Thirds kama ya 100, na vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukuta wa jirani kabla mlango mzima haujaingia kwenye picha.

Kulenga kwa mkono, yaani kuzungusha pete ya lenzi mpaka picha iwe kali, ndiko kunakowakatisha tamaa wageni wa lenzi hizi. Kamera huwasaidia kwa kuchora mistari ya rangi kwenye kingo inazodhani zimekaa sawa, na wengi huiamini mno mistari hiyo. Chukua mlango wa mchongo pale barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale. Ukisimama mita moja na nusu kutoka kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, lenzi ya milimita 50 tundu lake la mwanga likiwa limefunguliwa sana, hadi f/1.4, sehemu itakayotoka wazi ina kina cha sentimita saba hivi, lakini mistari itang'aa kwenye mfaa, kwenye fremu, na pengine hata kwenye komeo lililo nyuma zaidi, kwa sababu mchongo wenye kivuli kikali huidanganya kamera. Njia ya hakika ni kuikuza picha ndani ya kidirisha cha kuchungulia, kulenga ua moja la mchongo, kisha kupiga bila kuyumba. Na kama kamera yako ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili wake, iambie kwa mkono lenzi ni ya milimita ngapi, maana lenzi ya kale haina namna ya kujitambulisha.

Kidirisha hicho kina neema nyingine kwetu. Jua la saa sita mchana likiwa utosini, kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa huungua mara moja kwenye picha, ikawa weupe mtupu. Kamera hii hukuonyesha mwanga utakavyotoka kabla hujabonyeza. Hata hivyo lenzi zenye mipako hafifu ya kuzuia mng'ao huchujuka rangi zikitazamana na jua linalochomoza juu ya bahari. Wapo wanaoipenda sura hiyo. Mimi huweka kiganja pembeni ya lenzi.

Kwa harusi sizipendekezi. Maharusi hawatakusubiri uzungushe pete, na lenzi ya kisasa inayolifuata jicho yenyewe imeshinda ubishi huo zamani.

Tatizo letu la kweli ni unyevu wa pwani. Kabla ya kununua lenzi ya kale, fungua tundu lake lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma, kisha tazama kwa mshazari: kuvu huonekana kama utando mweupe wa buibui unaotambaa kutoka ukingoni. Ukiwa mchache, fundi anaweza kuusafisha. Ukiwa umekwisha kula mpako, alama haitoki. Tazama pia mapanga ya tundu, yale mabati membamba yanayolifungua na kulifunga, kwani joto huyeyusha grisi ya zamani ikayafikia, nayo yakawa mazito. Mifuko ya ngozi iliyokuja na lenzi hizo ni mizuri kwa macho lakini hushika unyevu, kwa hiyo hifadhi lenzi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, lenye vipakiti vya silika ambavyo hukaushwa vikishiba maji.

Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi, iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ama sivyo vioo vitatoka jasho. Wakati wa kubadilisha lenzi uupe upepo mgongo na uuelekeze mdomo wa kamera chini, hasa msimu wa kusi, kwa kuwa hakuna kioo cha kukikinga kihisi na chumvi na mchanga. Kamera chache, kama Canon EOS R, hufunga shata zinapozimwa. Nyingine nyingi huacha kihisi wazi. Na unapotuonyesha picha, andika mwenyewe tundu ulilotumia, kwa maana kamera itakuwa imeandika sifuri au haikuandika kitu.