Wangu si walizoea?

Tumesharudi Mwanza kutoka kutafuta nyumba Dar es Salaam. Barua ya uhamisho wa kwenda huko imetoka rasmi, mzee katolewa mtoto wa jicho salama, na Baba Watoto keshaanza kuulizia bei ya fuso la kubebea vyombo. Yote hayo yamepita. Kinachonikosesha usingizi ni maneno ya wifi, Jumapili, huku anamimina chai.

"Wifi, watoto wanazoea."

"Wanazoea nini?"

"Kuamka. Wangu si walizoea?"

Akanisogezea sahani ya vitumbua, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya Desemba. Mimi nimebaki palepale.

Wifi anataka tupange Chanika, jirani naye. Kodi nafuu, uwanja mpana, ndugu wapo. Watoto wasome ile shule ya Tabata tuliyoipenda, gari la shule liwafuate. Ni ushauri wa upendo kabisa, na ndiyo maana unaniuma. Angekuwa dalali ningemjibu.

Jibu ninalo. Chanika iko mbele ya Pugu. Gari linalotoka huko kuja Tabata humpitia mtoto saa 10:30 alfajiri, kwa hiyo saa 10 awe ameamka. Jioni anafika nyumbani saa 12, kuna kuoga, kula, kazi za shule, na hata ukimlaza saa 3 kamili amepata saa saba za usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kati ya 9 na 12. Upungufu huo ni wa kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, mwaka mzima. Anachozoea ni kusinzia darasani. Na ukisema basi wasome hukohuko Chanika, watapumzika wao, safari itahamia kwetu: mimi Posta, baba yao Tazara, tunatoka wamelala, tunarudi wamelala. Lazima mtu atoe hizo saa.

Kwa hiyo mtaa naanza kuutafuta kwenye geti la shule, nyumba inafuata baadaye. Na kwenye shule, swali la "mna gari?" halisaidii kitu, shule nyingi za kulipia zina gari. Uliza linaanzia wapi, mtoto wako atakuwa wa ngapi kupanda, na jioni atakuwa wa ngapi kushuka. Asubuhi gari huanzia mbali likikusanya kuelekea shuleni, jioni linatawanya kutoka shuleni kwenda mbali, hivyo anayepanda wa kwanza mara nyingi ndiye anayeshuka wa mwisho. Mtoto wa mwisho wa njia analipa mara mbili. Usimuulize mhasibu. Muulize dereva, au matroni anayekaa mlangoni na daftari la majina.

Kama mtoto atapanda daladala, na Mkubwa wangu atafika huko baada ya miaka michache, nenda kituoni saa 12 asubuhi ya siku ya kazi usimame tu uangalie. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, kwa hiyo konda anajua kila kiti cha mwanafunzi kinampunguzia hesabu. Utamsikia, "Wanafunzi wawili tu!" na wengine wanabaki barabarani na mabegi yao. Katikati ya njia gari linafika limeshajaa. Mwanzo wa gari ndipo mtoto hupata nafasi ya kupanda kwa utulivu, ingawa hata hapo wapo watu wazima wanaodandia vituo viwili nyuma na kugeuza nalo, wakilipa nauli mara mbili ili wapate kiti. Ndiyo sababu Segerea na Kinyerezi zilipanda kwenye orodha yangu: kote kuna kituo cha mwisho wa magari.

Kimara niliipenda kwa ajili yangu mwenyewe. Basi la mwendokasi linakuchukua Kimara mpaka Kivukoni bila kubadilisha, foleni ya magari madogo haikuhusu. Lakini kuanzia Kimara kuelekea Kibaha barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane, na nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa upande mmoja, shule upande wa pili. Kabla ya kuuliza kodi, uliza mtoto atavukia wapi. Kama kivuko cha juu kiko mbali, atakata barabara, hata umkanye kila asubuhi. Kigamboni nayo ni nzuri, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe 2016 hutegemei kivuko cha Magogoni peke yake, ila kwetu sisi wenye kazi Posta na Tazara, njia fupi ni kuyavuka maji yale kila siku, ama kwa foleni ya pantoni ama kwa tozo ya daraja.

Wangu si walizoea. Naisikia hata nikiosha vyombo. Alivyoisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya unga.

Halafu nakumbuka kwamba ni wifi huyuhuyu aliyetuokoa na nyumba ya Kinyerezi.

Nyumba ilikuwa safi, vyumba vitatu, mwembe uani, watoto wangeipenda, na dalali alikuwa ameshataja miezi sita yake pamoja na mwezi mmoja wa udalali. Wifi hakuangalia sakafu wala jiko. Aliinama ukutani. "Angalia soketi." Za sebuleni zote zilikuwa usawa wa kifua, na chini yake palionekana mabaka ya mraba pale za zamani zilipozibwa. Lipu ya futi tatu za chini ilikuwa mpya, ya juu ya zamani. Mlango wa nyuma ulikuwa na kizingiti cha saruji kirefu mpaka unainua mguu kuingia, dalali akasema ni cha kuzuia vumbi. Wifi akatoka nje, akatuonyesha ukuta wa jirani ambao haujapakwa rangi: mstari wa tope umenyooka kama umepigwa rula. Tulikuwa kwenye bonde la Msimbazi, mto uleule unaoshuka kutoka milima ya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wa bondeni mpaka Mabwepande. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na dalali hupenda kukuonyesha nyumba Agosti.

"Maji yana njia yake, wifi," alisema, akanishika mkono kupanda kilima. Na alipokuwa anapanda nikaona anavyohema, nikakumbuka kwamba wanawe watatu aliwalea peke yake, na kila siku saa 9 usiku alikuwa macho kuwasha jiko la mkaa. Nilipomsikia akisema wamezoea, nilifikiria watoto tu. Sasa nawaza na yeye. Hasira imepungua, ila jibu langu kuhusu Chanika ni lilelile.

Tumeshika Segerea, juu, mbali na bonde. Kabla ya kutoa hela Baba Watoto alipita kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa kuhakikisha mwenye nyumba ni yeye kweli, akauliza mchango wa ulinzi shirikishi na siku za takataka, na akarudi Jumamosi usiku kusikiliza baa iliyo karibu. Mita ya umeme, ya LUKU, ni ya kwetu peke yetu, hilo nililisimamia, maana mita moja kwa wapangaji wanne ni ugomvi wa kila wiki kuhusu nani ana friji na nani ana pasi. Maji ya upande ule hutegemea zaidi mtambo wa Ruvu Juu, na 2022 mto Ruvu ulipopungua sehemu kubwa ya jiji ilionja mgao. Tukitumia ndoo kumi za lita 20 kwa siku, simtank la lita 1,000 linaisha siku ya tano, kwa hiyo tumeomba la pili liwekwe, na limeandikwa ndani ya mkataba. Ahadi ya mdomo kuhusu maji usiichukue.

Kilichobaki ni shule. Mkubwa anaingia darasa la nne Januari, mwaka wa upimaji wa kitaifa, kwa hiyo uhamisho wake lazima ukamilike kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, kabla usajili wa watahiniwa haujaanza: shule ya huku imtoe, ya kule impokee, namba yake isibaki inaning'inia. Mdogo anaanza la kwanza, cheti chake cha kuzaliwa kiwe tayari, lakini darasa la kwanza hutoka mapema kuliko la nne, na gari halimsubiri dada yake. Dada wa kazi atampokea. Nimeshaongea naye, anakubali kuhama nasi.

Wifi nitampigia Ijumaa. Nitamwambia tumepata Segerea, na kwamba Jumamosi za mwisho wa mwezi watoto ni wake.

Ila sasa kuna sanduku la kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Mwanza. Lina kufuli tatu, ufunguo mmoja ninao mimi, na mgao ni wiki ya pili ya Desemba, wakati fuso litakuwa limeshaondoka. Mwenyekiti anataka nimwachie yeye, na yeye tayari ana wa kwake. Funguo mbili kwa mtu mmoja haiwezekani. Mama Mchele nilimfikiria, lakini bado anadaiwa mkopo wa Julai.