Nilivyochagua kizuia kutu kwa maji ya chila

Mfumo ninaouhudumia uko katika jengo la ofisi katikati ya Dar es Salaam: chila mbili (mashine za kupoza maji), pampu zake, mabomba ya chuma yanayopanda hadi ghorofa ya juu, na koili za shaba ndani ya vipoza hewa vya kila ghorofa. Maji hutoka kwenye chila yakiwa na nyuzi 7 hivi za Selsiasi, hurudi yakiwa na 12, na huzunguka humo humo. Nilipokabidhiwa matengenezo yake, kila kichujio tulichokifungua kilikuwa na tope jeusi lililovutwa na sumaku. Tope la namna hiyo ni magnetiti, yaani chuma cha mabomba yenyewe kilicholika.

Wauzaji wa dawa walitaka tuzungumzie kwanza bei ya pipa. Mimi nilitaka kwanza kujua ni maji mapya kiasi gani yanayoingia, kwa sababu maji yaliyofungwa ndani ya bomba humaliza oksijeni yake mapema, ilhali kila lita mpya huingia na miligramu 8 hivi. Tukafunga mita kwenye bomba la kujazia, nayo ikaonyesha kwamba mfumo huu wa “kufungwa” ulikuwa ukinywa maji kila siku. Sili za pampu zilikuwa zimechakaa, na baadhi ya vali za kutolea hewa zilikuwa zikidondosha maji juu ya dari bila mtu kuona. Tulizirekebisha kabla ya kununua dawa yoyote. Nilipiga marufuku pia kujazia maji ya kisima au ya boza pale maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanapokatika, kwa kuwa visima vingi vya ukanda huu wa pwani vina chumvi, na kloridi hupasua utando ambao dawa inahangaika kuujenga juu ya chuma.

Dawa iliyokuwamo ni nitriti, ambayo ndiyo chaguo la kwanza la wengi: ni rahisi kwa bei, na hulinda chuma vizuri ikidumishwa kati ya miligramu 600 na 1,000 kwa lita. Tatizo lake ni kwamba ikipungua chini ya kiwango, kutu hukusanya nguvu kwenye vidoa vichache visivyolindwa na kuchimba mashimo, hivyo nusu ya dozi yaweza kutoboa bomba mapema kuliko kutotia dawa kabisa. Katika vipimo vyetu nitriti iliendelea kushuka hata baada ya mita kutulia, huku nitrati ikipanda. Hiyo ni kazi ya bakteria. Wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa amonia, na amonia hushambulia shaba na vali za shaba nyeupe, ambazo kwetu zimejaa kila mahali. Kuwaua kwa klorini hakufai, maana klorini nayo huigeuza nitriti ileile kuwa nitrati. Ingebidi kutumia glutaraldehidi au mfano wake, kemikali ambayo sipendi kumwona kijana akiimimina bila glavu na miwani. Kwenye mzunguko wa maji ya moto sana, ambamo bakteria hao hawastahimili, ningeitumia nitriti bila wasiwasi.

Kromati sikuifikiria kabisa. Ilisifika zamani, lakini ni sumu inayosababisha saratani. Nikaamua kutumia molibdati kwa ajili ya chuma, azoli miligramu 10 kwa lita kwa ajili ya shaba, na boraksi ya kushikilia pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) karibu na 9. Kiwango hicho cha pH kiliwezekana kwa sababu tulihakikisha hakuna alumini popote, kwani alumini huanza kulika pH ikivuka takribani 8.5. Molibdati ni ghali, lakini si chakula cha bakteria kama nitriti, na mfumo usiovuja hauitumii kwa kasi.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Ukiambiwa “miligramu 100”, uliza ni 100 za nini: molibdati miligramu 100 ina miligramu 60 tu za molibdenamu, yaani metali yenyewe iliyomo ndani yake, na bei mbili zilizoonekana kulingana mezani kwangu zilitofautiana sana nilipozigeuza kuwa kipimo kimoja. Lengo langu lilikuwa molibdenamu miligramu 100 kwa lita. Michoro ilisema mfumo una lita 12,000, kwa hiyo, baada ya kusafisha na kubadilisha maji hadi yakawa meupe, tulitia kilo 3 na ushei za sodiamu molibdati, ambayo molibdenamu ni asilimia 40 hivi ya uzito wake. Maji yalipochanganyika tulipima tukapata 86, maana yake mfumo una karibu lita 14,000, na michoro haikuhesabu matoleo ya bomba yaliyoongezwa baadaye. Tukaongeza nusu kilo.

Vipande vya majaribio vya chuma na shaba, vilivyokaa kwenye bomba la pembeni kwa siku 90, vilitoka na mng’ao wao. Kwa kukadiria kutoka uzito uliopotea, chuma kilikuwa kikilika chini ya mikroni 13 kwa mwaka nilizojiwekea kama ukomo. Kwenye mlango wa chumba cha pampu kuna karatasi inayomwelekeza fundi wa zamu: kwa kila lita 1,000 ambazo mita ya kujazia imesoma, tia gramu 250 za sodiamu molibdati, kisha tafuta maji hayo yamepotelea wapi.