Turudishieni mabenchi

Jumanne iliyopita mama mmoja mtu mzima aliingia dukani kwangu akaomba kiti. Hakuja kununua. Alikuwa ametoka kupimwa sukari kwenye kliniki ya ghorofa ya kwanza, na mwanawe wa kumchukua alikuwa amekwama kwenye foleni ya magari. Nikamtolea kibago changu cha nyuma ya kaunta, akaketi katikati ya madera yaliyotundikwa, miguu imemvimba, kila anayeingia inabidi ampite kwa ubavu. Alikaa kama dakika arubaini. "Mwanangu," akaniambia, "jumba lote hili kubwa, hamna hata pa kuketi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mabenchi yalikuwepo, na nakumbuka siku yalipoondolewa.

Duka langu liko hapa tangu 2012. Nauza madera, leso, mitandio na mafuta ya kujipaka, katika chumba ambacho watu sita wakiingia wa saba husubiri nje. Jumba lenyewe la maduka liko Mombasa ya bara, ukishavuka daraja la Nyali. Jina lake nitaliacha, maana bado mimi ni mpangaji humu na ninataka kuendelea kuwa mpangaji.

Wakati ule upande wa mwisho wa korido kulikuwa na supamaketi kubwa, na sisi wadogo tulikuwa tumepangwa njiani. Ndivyo majumba haya yanavyojengwa. Mwenye supamaketi ndiye mpangaji mkuu. Analipa kodi ndogo kwa kila futi ya mraba kwa sababu yeye ndiye anayeleta watu. Sisi wa njiani tunalipa zaidi kwa kila futi, kwa sababu tunauziwa nyayo za wateja wake. Mtu amefuata maziwa na mkate, akirudi anaona dera la rangi aipendayo. Nilikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma nilichora vijiti, kijiti kimoja kwa kila mtu aliyepita mlangoni na mifuko mikononi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Mwisho wa mwezi ukurasa ulikuwa mweusi kwa wino.

Halafu ikaja 2017. Mkenya yeyote anaikumbuka supamaketi ya Nakumatt mwaka ule: rafu zinabaki na chupa za maji na sabuni tu, zimesogezwa mbele ili nyuma pasionekane patupu. Duka lililokuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, Januari 2018 mahakama ikaliweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe kabisa. Supamaketi ya Uchumi ilikuwa imekwisha kuyumba kabla yake, na ya Tuskys ikafuata nyuma. Nyali hapa, City Mall ilianza na Nakumatt, akaja Shoprite kutoka Afrika Kusini, naye akafunga 2020 alipokuwa anaondoka Kenya, kisha akaingia Carrefour. Jengo moja, supamaketi tatu, ndani ya miaka michache. Na wao walikuwa na bahati ya kumpata wa tatu.

Sisi mpangaji wetu mkuu alipoondoka, hakuja mwingine wa ukubwa ule. Shata ya chuma ikashushwa mwisho wa korido na taa za upande ule zikazimwa ili kupunguza bili. Kurasa zangu za vijiti zikaanza kuwa nyeupe. Mume wangu naye alikuwa akipeleka mayai kwenye supamaketi moja, si hii ya kwetu, na hadi leo kuna ankara kwenye droo ya kabati letu ambazo hazijalipwa. Kwa hiyo nyumbani tulipigwa pande zote mbili kwa mpigo.

Ndipo yakaanza mageuzi. Jumba likapakwa rangi upya. Likaletwa jumba la maputo la watoto kuruka, wiki mbili likaondoka. Kukawa na maonyesho ya magari, tamasha la vyakula, mchekeshaji wa Jumamosi. Kila safari tuliambiwa sasa wateja watarudi, na kweli walikuja, siku ileile, wakapiga picha, wakaenda zao.

Mabenchi yaliondolewa katika kipindi hicho. Yalikuwa manne, ya mbao, yamezunguka nguzo pale ngazi za umeme zinapoanzia. Vijana wa chuo walikuwa wakiketi pale kutwa kwa ajili ya intaneti ya bure, na wazee wawili watatu wa mtaani walizoea kuja baada ya alasiri kupata ubaridi. Ikaonekana hawa hawanunui. Siku moja asubuhi mafundi wakaja na bisibisi, hadi adhuhuri kazi imekwisha. Sakafuni yakabaki matundu ya skrubu, yakazibwa kwa simenti ya rangi isiyofanana. Mahali pake vikawekwa vibanda viwili vya kukodisha. Kimoja kiliuza kava za simu kwa miezi mitano. Cha pili sikukiona kikifunguliwa hata siku moja.

Mimi nilizaliwa Mji wa Kale. Nyumba za kwetu zina baraza nje, ukuta mfupi wa mawe ubavuni mwa mlango, na hakuna mtu anayemuuliza mwenzake ameketi kwa sababu gani. Anaketi mmoja, anakuja muuza kahawa na dele lake, anafuata wa kashata, kisha mama wa jirani anatoa sinia la viazi karai. Biashara inakuja mwisho. Nikiwaeleza haya wenzangu wa hapa, wenye asili ya bara na wa pwani sawa, wananielewa mara moja. Aliyeyaondoa mabenchi alihesabu waliokuwa wameketi. Hakuhesabu waliokuja kuwatafuta walioketi.

2020 sitaisema sana. Aprili njia za kuingia na kutoka kaunti zilifungwa, na wateja wangu wa Mtwapa wakabaki ng'ambo ya daraja lao, upande wa Kilifi. Nililipa kodi kwa kuuza cherehani ya pili.

Mwaka juzi nilipanda treni kwenda Nairobi kwenye harusi, na siku ya pili nikamwomba dada yangu anipeleke Sarit Centre. Nilitaka kuliona jumba zee. Lilifunguliwa 1983, limezeeka kuliko letu mara mbili na zaidi. Uchumi ilikuwa humo miaka na miaka, ikaondoka, Carrefour ikaingia, na 2019 wakafungua upande mpya mkubwa. Lakini kilichonishika ni duka la vitabu, Text Book Centre. Dada yangu alikuwa akipelekwa pale na baba mkwe wake kila Januari kununulia watoto vitabu vya shule, na sasa anawapeleka wake. Supamaketi inabadilika, Januari iko palepale.

Nikarudi Mombasa nikiwa na swali moja: Januari yetu sisi ni nini?

Jibu lilikuja lenyewe, na halikutoka kwenye tamasha lolote. Ghorofa ya kwanza, palipokuwa na duka la fanicha, ikaingia kliniki ya sukari, presha na mama wajawazito. Baada yake kikaja chuo kidogo cha kompyuta, halafu daktari wa meno. Hawa hawaji kwa maputo. Mjamzito anarudi kila mwezi, mwenye sukari vilevile, kijana wa chuo kila siku. Nilichelewa kuelewa hadi siku tatu mfululizo nilipoulizwa leso, si za kuvaa bali za kupeleka hospitali: za kumfunikia mtoto, za kumfungia mama tumbo. Nikaenda Biashara Street nikanunua doti ishirini, nikachagua moja moja kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, maana huwezi kumuuzia mzazi leso yenye maneno ya mafumbo kwa mke mwenza. Nilitafuta za dua na za shukrani. Ziliisha kabla ya mwezi kwisha. Nikanunua nyingine. Leo nusu ya duka langu ni leso, na daftari lina vijiti tena. Nachora asubuhi sasa, kati ya saa tatu na saa sita, kliniki inapojaa.

Watu hao wote wanasimama. Wanaegemea kuta, wanaketi kwenye ngazi, mwenye mimba ya miezi minane anachuchumaa karibu na lifti. Hakuna duka la hapa chini ambalo halijaombwa kiti.

Mkataba wangu unakwisha Oktoba. Ni ule wa miaka mitano na miezi mitatu, ambao wafanyabiashara wa Kenya wanaujua vizuri: sheria inawalinda wapangaji wa maduka ambao mikataba yao haizidi miaka mitano, kwa hiyo wenye majengo huongeza miezi mitatu. Safari hii nitatia saini nikiombwa, lakini nimeandika barua kwanza, ukurasa mmoja. Siombi kupunguziwa kodi. Naomba mabenchi manne yarudi pale pale kwenye nguzo, na mawili zaidi karibu na lifti, na kama tatizo ni fedha, sisi wa ghorofa ya chini tuko tayari kuchanga. Fundi seremala wa Kongowea ameshanipa bei.

Majirani saba wameshatia saini. Wa nane, muuza miwani, yuko Malindi kwenye msiba na anarudi Ijumaa. Namngoja, kisha napanda juu ofisini.